Chokaa ya Moyo na Kadiri ya Mionzi



Kuna kipimo ambacho madaktari wa moyo humshauri mtu asiyeumwa na lolote, ila ana shinikizo la damu, au lehemu nyingi, au babake alifariki kwa maradhi ya moyo kabla ya uzee. Hulazwa kwenye mashine ya CT, huambiwa azuie pumzi kwa sekunde kumi hivi, na moyo wake hupigwa picha. Hapana sindano wala dawa ya kunywa. Kinachotafutwa ni kalsiamu, yaani chokaa iliyoganda katika kuta za mishipa inayoulisha moyo. Hesabu yake hufuata njia iliyotangazwa mwaka 1990 na daktari Arthur Agatston wa Marekani na wenzake: sifuri ni habari njema, 100 ni onyo, na ipitayo 400 ni chokaa nyingi mno. Kwa hesabu hiyo daktari huamua kama mgonjwa aanze dawa za kupunguza lehemu au aendelee bila dawa. Ni faida kubwa.

Lakini picha hiyo hupatikana kwa mionzi, na mionzi hiyo hupita kifuani, palipo na mapafu na matiti. Mwaka 2009 watafiti huko Marekani walizilinganisha taratibu zilizokuwa zikitumika, wakaona kuwa kipimo hicho hicho kiliweza kumpa mgonjwa milisiveti 0.8 kwa utaratibu mmoja na 10.5 kwa mwingine. Ili msomaji apate kulinganisha, binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Basi mmoja alipokea mionzi ya miezi minne, mwenzake ya miaka minne na zaidi, na jawabu walilolitafuta ni lile lile!

Watafiti hao walikadiria pia kwamba wanawake 100,000 wakipimwa kila baada ya miaka 5, tangu umri wa 55 hadi 75, kwa kadiri ya kati ya milisiveti 2.3, wapatao 62 wangepata saratani kwa sababu ya vipimo hivyo. Kwa wanaume walikadiria 42, ingawa wao walihesabiwa tangu umri wa 45. Haya ni makadirio, si wagonjwa waliohesabiwa, na kwa mtu mmoja hatari ni ndogo. Hata hivyo, mwanamke aliyepimwa mara chache zaidi ndiye aliyebeba mzigo mkubwa zaidi, na hilo latosha kumfanya aulize.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Kwanza, ziko taratibu ambazo mionzi huwaka muda wote moyo unapopiga, na ziko ambazo mashine hufuata mapigo, ikangoja moyo utulie baina ya pigo na pigo, ndipo iwashe. Pili ni urefu wa picha: hakuna haja ya kupiga kuanzia mabegani hadi tumboni ilhali moyo ndio unaotakiwa. Tatu ni umbo la mtu, kwani mwembamba hahitaji nguvu ya mnene.

Jambo la volteji lina ugumu wake. Kawaida ni kilovolti 120. Ikishushwa, mionzi hupungua, lakini chokaa huonekana nyeupe kuliko ilivyo, na hesabu isiporekebishwa mtu huambiwa ana maradhi makubwa kuliko aliyo nayo. Kwa hiyo si jambo la kupunguza kwa kubahatisha. Baadhi ya mashine mpya huweka utando mwembamba wa madini ya bati mbele ya mionzi, uchuje ile dhaifu ambayo ingeishia mwilini bila kuleta picha, kisha kompyuta husafisha picha iliyopigwa kwa mionzi michache.

Wataalamu wa picha za moyo wamependekeza kipimo hiki kiwe kati ya milisiveti 1 na 1.5, na kisizidi 3. Msomaji aweza kuhakikisha mwenyewe. Mashine huandika nambari iitwayo DLP. Izidishe kwa 0.014 upate makadirio ya milisiveti. DLP ya 70 ni karibu milisiveti 1. Ukikuta 300, ambayo ni zaidi ya 4, uliza sababu kwa adabu.

Dada zetu wajue pia kwamba vinasio vya kufuatilia mapigo hubandikwa kifuani. Omba mapema uhudumiwe na mwanamke, na uvue mkufu, sidiria yenye waya na pini za hijabu. Mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, aseme kabla ya kulala kitandani.

Mionzi iliyo nafuu kuliko yote ni ile isiyopigwa. Mimi sivutiwi na matangazo ya vipimo vyote kwa bei moja. Kijana wa miaka 30 asiye na dalili wala urithi wa maradhi hana haja na picha hii. Aliyepata sifuri kwa kawaida harudii kila mwaka; wengi huambiwa wangoje miaka 5 hivi. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo naye hahitaji kuhesabiwa chokaa, maana maradhi yake yanajulikana. Na mwenye maumivu ya kifua yapandayo taya au mkono, pumzi zikamkatika na jasho la baridi likamtoka, asingoje miadi ya picha hii: apelekwe kitengo cha dharura saa hiyo hiyo.