Maradhi si Uvivu

Wako wakuu wa kazi wanaomwita mvivu msaidizi wa mifugo ambaye kila asubuhi vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Huo ni ujinga, tena ni dhuluma. Katika maradhi hayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia maungio ya mwili wenyewe. Na baadhi ya dawa za kuituliza hudhoofisha uwezo wa kupambana na vijidudu. Kumpandisha mtu huyo milima ya Uluguru hadi Mgeta, akahudumie mbuzi aliyetupa mimba, pengine kwa brusela, ni kumtia hatarini. Atunze kumbukumbu za chanjo, awafundishe wafugaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imekwisha kukataza ubaguzi kazini. Ujuzi uliogharimiwa na jasho la wananchi usitupwe kwa kiburi cha ofisini!