Mashtaka Dhidi ya Vibao 28 vya Chuck Berry

Mashtaka dhidi ya The Great Twenty-Eight mmeshayasikia. Mkusanyiko huo wa nyimbo za Chuck Berry, uliotolewa mwaka 1982, uliwekwa na jarida la Rolling Stone kwenye nafasi ya 21 katika orodha yake ya albamu 500 bora ya mwaka 2003, na wako ambao hadi leo hawajalikubali hilo. Nimezisoma hoja zao kwa makini. Nazileta mbele yenu, mzipime.

Hoja yao kubwa ni kwamba mkusanyiko si albamu. Albamu, wanasema, ni kazi iliyobuniwa kama kitu kimoja, ilhali hii imeundwa na kampuni kwa kuokota nyimbo za kati ya 1955 na 1965. Maelezo ni sahihi; kipimo ndicho kibovu. Berry alifanya kazi kwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, maana ndizo vijana walizonunua na ndizo redio zilizopiga. Wapinzani hututajia “albamu halisi” yake, Chuck Berry Is on Top ya 1959. Haya, tuitazame. Ndani yake mna Maybellene, uliotoka 1955, na Roll Over Beethoven, wa 1956. Hiyo nayo kampuni ya Chess iliiunda kwa kuokota. Ikiwa kuokota kunaifuta kazi ya 1982, kunaifuta na ya 1959, na mlalamikaji habaki na albamu ya kutuonyesha.

Wanasema tena kwamba nyimbo zote 28 ni wimbo mmoja. Wana ushahidi: gitaa linalofungua Roll Over Beethoven na lile linalofungua Johnny B. Goode ni ndugu wa damu, na sikio lolote litalitambua hilo. Lakini mtu anayeishia kwenye sekunde za mwanzo hajausikiliza mkusanyiko. Katika Havana Moon, mwanamume yuko ufukweni anasubiri mashua, anakunywa, usingizi unamchukua, na mashua inaondoka bila yeye; mwendo ni wa Karibiani, sauti karibu ya kunong'ona. Katika Memphis, Tennessee, mtu anamsihi mhudumu wa simu amuunganishe na Marie, na mwishoni tu ndipo tunapojua kwamba Marie ni binti yake wa miaka sita. Hadithi ya ndoa iliyovunjika imesimuliwa kwa dakika mbili na ushei, bila neno la ziada. Nionyesheni wimbo mwingine kati ya hizo 28 unaofanya hivyo.

Halafu watu hao hao wanageuka na kudai kwamba Berry aliiba kila mahali. Maybellene ameutoa kwenye Ida Red, ambao Bob Wills, mwanamuziki wa kantri, aliurekodi mwaka 1938. Mwanzo wa Johnny B. Goode ni wa Carl Hogan, mpiga gitaa wa Louis Jordan, kwenye santuri ya 1946. T-Bone Walker, mpiga gitaa wa bluzi ya Texas, naye yumo. Machimbuko hayo nayakubali yote; Berry mwenyewe hakuwaficha aliojifunza kwao. Ila chagueni shtaka moja. Mtu aliyechota kantri ya Wazungu, bluzi ya Texas, dansi ya Louis Jordan na midundo ya Karibiani hawezi wakati huo huo kuwa mtu wa wimbo mmoja. Ushahidi wa shtaka la pili ndio unaoliua la kwanza.

Shtaka zito zaidi linamhusu Johnnie Johnson, mpiga piano. Inadaiwa kwamba yeye ndiye mtunzi halisi wa muziki. Johnson ndiye aliyemwingiza Berry katika bendi yake mwishoni mwa 1952, na piano yake imeziinua nyimbo nyingi humu. Anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa. Mwaka 2000 alifungua kesi, na mwaka 2002 ikatupwa kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Uamuzi huo haumsafishi Berry wala haumtii hatiani. Kwa hiyo tusikilize nyimbo. Memphis, Tennessee, kwa maelezo ya Berry katika tawasifu yake, aliurekodi mwenyewe mjini St. Louis, gitaa, besi na ngoma vyote akivipiga yeye. Piano haimo. Nao ni kati ya nyimbo bora kuliko zote kwenye mkusanyiko.

Lipo pia lalamiko kwamba My Ding-a-Ling wa 1972, wimbo wake pekee uliofika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard, umeachwa. Ulirekodiwa Coventry, Uingereza, nje kabisa ya kipindi cha mkusanyiko, na ulikuwa umeshatolewa na Dave Bartholomew tangu 1952. Kuuacha kulikuwa sawa.

Pengo la kweli wapinzani hawakuliona. Promised Land na You Never Can Tell, zote za 1964, hazimo. Promised Land Berry aliutunga akiwa gerezani, akihitaji atlasi ili afuatishe safari ya msafiri wake kutoka Virginia hadi California. Nafasi yake ilikuwepo: wamepewa wasikilizaji I Want to Be Your Driver wa 1965, ulio dhaifu kuliko zote 27 zilizoutangulia. Wangeanzia hapo, wangekuwa na kesi.