Kuuchukia Uovu Unaoleta Faida

Zaburi ya 97, katika aya ya 10, inawataka wanaompenda Mungu wawe maadui wa uovu, na kwa agizo hilo upendo ambao haukatai lolote unakosa ushahidi. Chuki inayodaiwa hapo ni ya kulikataa tendo baya, wala haimpi mtu ruhusa ya kumchukia jirani yake.

Uovu wa wengine huchukiwa bila taabu. Mlevi hutengwa na kanisa upesi, na binti aliyepata mimba nje ya ndoa vilevile, ingawa mara nyingi aliyempa mimba hiyo huendelea kuimba kwaya. Imani hupimwa pale uovu unapomletea faida yule yule anayeukemea.

Hilo ndilo lililomtoa nabii Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa katika Yuda, akaenda kuhubiri Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili. Watu aliowakemea walikuwa washika dini: walitoa dhabihu na zaka, na sabato waliitunza, ila waliisubiri kwa hamu iishe ili wafungue maghala. Hapo walipunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, wakaongeza uzito wa shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, hata maskini akaibiwa mara mbili katika ununuzi mmoja, na ngano yenyewe ikachanganywa na makapi. Amazia, kuhani wa Betheli, hakujibu hoja hata moja. Alimwamuru nabii arudi kwao Yuda, kwa kuwa Betheli palikuwa patakatifu pa mfalme.

Efa ya namna hiyo ingalipo. Nchini Tanzania huitwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiwango na kushonewa kilemba cha kamba juu yake, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo, lakini mnunuzi aweza kuwa mzee wa kanisa anayetoa fungu la kumi kwa uaminifu kutokana na faida hiyo hiyo, na mchungaji anayeipokea sadaka asiulize kitu.

Waumini wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, walilielewa jambo hili vizuri kuliko wahubiri wengi wa leo. Kwao toba, yaani kuiacha dhambi na kumrudia Mungu, ilianza kwa kuungama mbele ya watu, kisha ikadai kwamba kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Kwa kipimo hicho, mzee wa lumbesa hawezi kumaliza toba yake madhabahuni. Anapaswa kumfuata mkulima shambani kwake, akiwa na bei ya mazao aliyoyachukua bure.