Nyasi mpya zipimwe kabla ya kuuzwa

UGONJWA wa udumavu wa nepia umewatia hasara wafugaji wa mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Wafanyabiashara wa mpakani sasa wanaleta mbegu za brakiaria, desmodiamu na magunia ya lishe, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo bora.

Biashara hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni kuuziana maneno. Mtu aliyerejea nyumbani na kuanza na mtamba mmoja hawezi kumudu kukosea. Asiulize tu nyasi zinakua haraka kiasi gani. Aulize ni kiasi gani kinasagika tumboni, kwa sababu ng'ombe anaweza kushiba majani makuukuu na bado akakonda. Majani yenye protini chini ya asilimia 7 hivi huwanyima nguvu vijidudu wa tumbo la kwanza, ambao ndio wasagaji wenyewe.

Jibu linaweza kupatikana hapa Sop Sop. Tuchukue mbuzi madume wanne wa umri na uzito unaokaribiana, kila mmoja katika kizimba chake. Nasema madume kwa kuwa ni rahisi kutenganisha mkojo na kinyesi. Wawili wale nyasi za kwanza, wawili za pili, kwa siku 14 ili wazizoee. Siku saba zinazofuata tupime walichopewa, mabaki na kinyesi chote. Kisha wabadilishane chakula na tuanze upya, ili tumbo zuri la mbuzi mmoja lisizipe nyasi sifa zisizo zake.

Vipimo vifanywe kwa vitu vilivyokaushwa, kwani sehemu kubwa ya nepia mbichi ni maji. Kwa mfano, mbuzi akila kilo moja kavu na kutoa gramu 400 za kinyesi kikavu, gramu 600 zimesagika, yaani asilimia 60.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya maabara. Ni kweli, tangu 1963 wataalamu hutumia mbinu ya Tilley na Terry, ya kusaga sampuli ndani ya chupa kwa maji ya tumbo la mnyama. Lakini maabara hupima sampuli iliyopelekwa. Nepia iliyokatwa ikiwa na urefu wa mita moja na ile iliyoachwa hadi mita mbili ni vyakula viwili tofauti.

Sisi tuliosomea ukimbizini tulirudi na vyeti, na hapa ndipo mahali pa kuvitumia. Shule za sekondari zitoe wanafunzi wa kilimo, wafanyabiashara watoe mbegu na gunia moja la lishe, naye afisa wa mifugo asimamie mizani. Matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili na Dhopadhola, hata yale yasiyompendeza muuzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.