Saini za Wanaanga



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya homa iliyoingia mabwenini muhula huu, yaani kukusanya picha za wanaanga zilizotiwa saini. Wenzangu wa Kidato cha Nne wasinichukie, maana na mimi ninazo picha zangu sandukuni.

Kwanza nawakatalia wale wasemao ati huu ni upuuzi. Kijana aliyebandika picha ya Yuri Gagarin juu ya kitanda chake hakumbushwi na mwalimu kwamba mtu wa kwanza alikwenda angani tarehe 12 Aprili 1961. Amelijua jambo hilo mwenyewe, tena kwa furaha.

Lakini si kila saini ni saini. Maombi yalipowazidi wanaanga wa Marekani, shirika lao la NASA lilitumia mashine. Saini moja ya kweli huchukuliwa ikafanywa kielelezo, kisha mkono wa chuma wenye kalamu hukifuata kielelezo hicho mara mia, mara elfu. Wino ni wa kweli, karatasi ni ya kweli, ila mwenye jina hakuwapo. Muhula huu mwenzetu mmoja alimpa mchuuzi shilingi 15,000 kwa picha ya namna hiyo. Tuliishika dirishani juu ya nyingine ya mwanaanga yule yule, na saini zikalingana tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho. Binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili pasipo tofauti hata kidogo, jaribuni wenyewe. Zile fedha zilikuwa za matumizi ya muhula mzima, nazo zilitoka kwa mzazi aliyeuza mahindi. Hapo ndipo ninapokasirika.

Hata saini za kweli zina mambo yake. Neil Armstrong, aliyekanyaga Mwezi tarehe 20 Julai 1969, alikuwa akiwatilia watu saini bure kwa miaka mingi. Alipoona zinauzwa kwa fedha nyingi, akaacha katika miaka ya 1990. Mwaka 1972 wanaanga watatu wa Apollo 15 walikaripiwa na wakubwa wao kwa sababu safari yao ya mwaka 1971 ilichukua bahasha zipatazo 400 zisizo na kibali, na 100 kati ya hizo zikamfikia mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani. Watu waliofika Mwezini, na bahasha zikawaponza!

Ziko bahasha nyingine ambazo mimi nazipenda kuliko zote, ingawa sitazipata kamwe. Kabla ya Apollo 11 kuruka, Armstrong, Aldrin na Collins walitia saini bahasha kwa mamia, wakaziacha duniani. Bima ya maisha ya kuwatosha ilikuwa ghali mno kwa mishahara yao. Basi wasingerudi, wake zao wangeziuza bahasha zile wakawalisha watoto. Walirudi salama, na bahasha hazikuhitajiwa kwa kazi hiyo. Hebu mfikirie baba akiandika jina lake mara mamia, naye anajua kila jina ni mkate wa mwanawe akifa. Saini hiyo mashine haiwezi kuiandika.

Wapo wanaoniambia, "Hayo ni mambo ya Wazungu, yakuhusu nini?" Nawajibu kwamba John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, mojawapo ya vituo vilivyosema naye kwa redio kilikuwa Unguja, pale Tunguu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kwa jirani zetu Kenya, setilaiti iliyorushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, kwa lugha yetu hii hii. Yamkini katika nyumba fulani ya Unguja mna picha ya kituo au barua ya kazi inayoliwa na mchwa. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1964 sasa amepita themanini, na mchuuzi wa picha hajui kumtafuta.

Kwa hiyo naona fedha za matumizi zibaki mifukoni, na badala yake tununue stempu na bahasha tupu. Wenzetu watokao Unguja wawaulize babu na bibi zao likizo hii, waandike wanayoambiwa pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Wenye jamaa Malindi wafanye vivyo hivyo. Mwalimu wetu wa Historia amekwisha kukubali kutupa kabati moja lenye kufuli. Rafu ya juu nimeiacha wazi kwa ajili ya Tunguu. Picha zangu, za mashine na zisizo za mashine, zitakaa chini.