Bakuli la Bibi Si Sanamu

Sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Morogoro tumechoka na jambo moja, na leo tunalisema.

Mabinti wanaoshuka kutoka Matombo na Mgeta kupimwa nguo wanatuambia wameshauriwa watoe nyumbani mabakuli ya kauri, yale meupe yenye maua ya bluu, waliyoachiwa na bibi zao. Eti Wachina huyaweka kwenye madhabahu, kwa hiyo ni vyombo vya masanamu.

Ni kweli Wachina walitengeneza kauri za mahekalu. Seti ya madhabahu huwa vitu vitano: chetezo, vinara viwili na vyombo viwili vya maua. Ipo jozi ya mwaka 1351 London, imeandikwa kabisa kwamba ni sadaka ya hekalu. Lakini mbona hawasemi ile bluu ilitoka wapi? Ilitoka Iran, kwa Waislamu, ikasafirishwa hadi Jingdezhen. Na zama za mfalme Zhengde (1506–1521) mafundi wa huko walichora vyombo vyenye maandishi ya Kiarabu. Chetezo mbona nasi tunacho chumbani kwa bi harusi, na hakuna anayeusujudia udi! Sisi wenyewe hatujawahi kuiuliza cherehani dini yake.

Wazee wa pwani walipachika sahani za Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi na kwenye mihrabu ya Gedi. Lamu walizipanga kwenye zidaka za chumba cha ndani. Je, hao nao hawakuijua tauhidi?

Sisi si masheikh. Chombo chenye sura ya kiumbe, muulize mwanachuoni wako, na usikiweke mbele unaposali. Hapo hatubishani.

Kinachotuuma ni kwamba baada ya onyo huja mnunuzi. Bakuli linaondoka kwa bei ya doti moja ya khanga, na bi harusi anapewa seti ya plastiki. Kwa Waluguru ukoo na urithi hupitia kwa mama, kwa hiyo hapo binti kanyang'anywa haki yake. Na tangu 1964 tuna Sheria ya Mambo ya Kale. Vitu vya kale havitoki nchini bila kibali. Mnunuzi akija, mwambieni ataje bei mbele ya bibi na wajukuu wote, kisha aonyeshe hicho kibali.