Familia changa zisikubali jiko la nyumbani lipoe

KWA miaka mingi, mjadala kuhusu chakula humu nchini umetawaliwa na habari za ukame, njaa na bei ya unga. Ni mjadala wa haki, kwani wapo Wakenya ambao hulala bila kutia kitu kinywani. Hata hivyo, lipo tatizo jingine linalobisha hodi katika nyumba ambazo chakula hakikosekani, nalo halipigiwi kelele kwa kiwango kinachostahili.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, maarufu kama KDHS, uliofanywa mwaka wa 2022, ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka wa 2014. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini utafiti uo huo ulibaini kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Mwaka wa 2014, idadi hiyo ilikuwa asilimia 33 miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ingawa makundi hayo ya umri hayalingani kikamilifu, mwelekeo unadhihirika wazi.

Ajabu ni kwamba hali hizi mbili zaweza kukutana chini ya paa moja. Mtoto anadumaa huku mzazi akinenepa na kuanza kuandamwa na kisukari au shinikizo la damu. Sahani yao hujaa wanga, mafuta na sukari, lakini huwa na upungufu wa protini, vitamini na madini. Kushiba ni jambo moja, kulishwa vyema ni jingine.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi wachanga kuwa ni wavivu. Lawama hiyo si ya haki. Katika miji kama Nairobi na Mombasa, baba na mama huondoka alfajiri na kurejea usiku baada ya kukwama katika msongamano wa magari. Mtoto tayari analia njaa. Maharagwe makavu yanahitaji saa kadhaa motoni ilhali chipsi na soseji ziko tayari kando ya barabara. Katika hali hiyo, mzazi hushindwa na saa kabla ya kushindwa na tamaa.

Hapa ndipo kosa hufanyika tunapojadili lishe bora. Wengi hudhani kuwa ni chakula cha matajiri: matunda ya kutoka ng'ambo na nafaka za kupakiwa katika maboksi ya kupendeza. Sivyo. Ndengu, kunde, omena, terere, managu, wimbi na viazi vitamu ni vyakula vyetu, na vinapatikana katika masoko ya kawaida. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliutambua mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuigwa na mataifa mengine. Itakuwa fedheha iwapo wageni watavisifu vyakula hivi huku watoto wetu wakivikataa kwa kutovijua.

Gharama halisi basi iko katika muda na nishati, na hizo zinahitaji mpango. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na hupunguza makaa au gesi inayotumika. Mwenye jokofu anaweza kuchemsha ya siku kadhaa Jumapili na kuyagawa katika vyombo. Asiye nalo anaweza kununua maharagwe au githeri iliyokwisha kuchemshwa kutoka kwa wauzaji wa mtaani wanaozingatia usafi, kisha akaikaanga kwa nyanya, vitunguu na mboga za majani. Mlo huo huwa tayari kabla ya taarifa ya habari kumalizika.

Aidha, mageuzi hayafai kuja kwa kishindo. Familia inayotupa kila kitu kwa siku moja hurejea ilikotoka kabla ya wiki kuisha. Ni afadhali kuanza na kinywaji. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isipite asilimia 10 ya nguvu ambazo mtu hupata kwa siku. Kwa mtoto wa miaka minne hivi, chupa hiyo moja yaweza kumaliza kiasi chake chote. Maji na tunda zima vikishachukua nafasi ya soda, familia ihamie kwenye mafuta na chumvi.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na anayeanza kula pamoja na kunyonya, hakuna haja ya kupika chungu cha pili. Apakuliwe chakula cha familia kabla ya chumvi kutiwa, kisha kipondwe vyema. Akikataa mboga leo, asichapwe wala asihongwe kwa peremende. Aonjeshwe tena siku nyingine, kwani mara nyingi watoto hukubali ladha baada ya kuizoea. Na hatazoea asichomwona baba yake akila.

Kuhusu akina baba, wakati umefika wa kuacha kuliona jiko kuwa milki ya mama peke yake. Iwapo wote wawili wanaleta mshahara, wote wawili wanapaswa kuchambua mboga.

Serikali nayo ina wajibu wake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia, hatua iliyowafaa wenye mitungi. Lakini kwa familia ambayo haimudu mtungi wa kwanza, afueni hiyo haina uzito. Serikali za kaunti pia zitambue kuwa soko lisilo na taa wala maji humfungisha mama mboga mapema, na kumwachia mwenye chipsi mteja wa saa mbili usiku.

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Mazoea ya kula hujengwa utotoni, na wazazi wanaokula vibaya leo ndio watakaopanga foleni katika kliniki za kisukari wakati ambapo watoto wao watahitaji karo. Kuloweka kikombe cha ndengu kabla ya kulala ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na gharama hiyo.